Alichosema Baba Mlangoni

Ulikuwa mwaka ule soko lilipoungua. Ah, nakosea. Soko liliungua mwaka uliofuata, maana siku za mkasa huu kibanda cha video kilikuwa bado kimeegemea ukuta wa soko. Basi tuseme mwaka mmoja kabla ya moto, likizo ile ndefu ya shule.

Kibanda kilikuwa cha mjomba wake Jaji. Jaji alikuwa binti wa kidato cha pili, na jina hilo alibandikwa na wateja, kwa kuwa hakuna filamu aliyoitazama asiitolee hukumu. Mjomba alikaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akitafsiri filamu za ng'ambo huku zikiendelea, yeye peke yake akiwa baba, mama, jambazi na mbwa. Neno la mwisho likisemwa tu, alizima, ili wateja wa zamu ya pili waingie.

Filamu ya ngumi Jaji aliikataa. "Mtu kaanguka kutoka ghorofani, kainuka, shati halina hata mkunjo. Huyu anapigana au anapiga pasi?" Ya mapenzi nayo: "Wanalia tangu mwanzo, wanja uko pale pale."

Lakini moja ilimkaa rohoni. Binti katoroka kwao, kasumbuliwa na mwenye nyumba aitwaye Bwana Kodi, mwisho karudi na kusimama mlangoni kwa baba yake. Baba anamtazama. Kisha sauti ya mjomba, imeshuka, inakwaruza: "Ingia, mwanangu. Chakula kisije kikapoa."

Fundi viatu, aliyekuwa akishonea pale nje na kuingia ndani jua likizidi, alijifuta macho kwa kitambaa cha kung'arishia, akatoka na rangi nyeusi shavuni. Hakuna aliyemcheka. Binti yake mwenyewe aliondoka na dereva wa lori, naye aliapa hatamtia machoni tena. Jioni ile aliomba simu ya mjomba, akapiga. "Rudi nyumbani," alisema.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu aliwataka wanafunzi watoe maoni juu ya filamu walizotazama likizoni. Jaji akasimama, kifua mbele.

"Uzuri wa filamu hii ni huruma ya baba, pale mlangoni anaposema, 'Ingia, mwanangu. Chakula kisije kikapoa,'" alisema. "Hata ubaya wa Bwana Kodi..."

"Bwana nani?"

"Bwana Kodi, mwalimu. Yule wa masharubu, anayebisha hodi na mkoba wake."

Mwalimu alitabasamu. Filamu hiyo alikuwa nayo. Ijumaa akaiwasha ukumbini, ikiwa na maandishi ya Kiswahili chini.

Bwana Kodi alipotokea, maandishi yalimwita daktari, tena daktari mwema, na ule mkoba ulikuwa wa dawa. Darasa likaanza kuguna. Jaji alihisi masikio yanapata moto. Akajipa moyo: mlangoni je, mlangoni si watamwona baba?

Tukio likafika. Baba akatazama vile vile, midomo ikacheza vile vile. Chini pakaandikwa: "Binti yangu alikufa. Wewe sikujui." Kisha, jambo ambalo kibandani halikuwahi kuonekana, mlango ukafungwa.

"Jaji," mtu akaita kutoka nyuma, "chakula kimepoa huku."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Yeye alibaki kama aliyeambiwa kwamba mtu aliyempenda hakuwahi kuzaliwa.

Alikwenda kibandani moja kwa moja, na sare yake.

"Mjomba, lugha ya ile filamu ya binti unaijua?"

Mjomba alikuwa anafuta vumbi kwenye televisheni. "Ile hapana, mama. Nyingine naokoteza mawili matatu. Ile hata kikohozi chao sikielewi."

"Na maneno ya mlangoni?"

"Nilimtazama mzee usoni. Sura ile, angesema nini kingine?"

"Alimfukuza, mjomba. Alimwambia alishakufa. Halafu akafunga mlango, wewe umeshazima."

Kitambaa kilimdondoka mjomba. Alikaa kwenye benchi taratibu, kama mgonjwa. "Alimfukuza?" akarudia. "Mtoto wake wa kumzaa?"

Walipogeuka, fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, uzi unaning'inia. Nyuma yake, kwenye kigoda chake, binti yake aliyerudi juzi alikuwa anapanga soli, bado amevaa ushungi wa safari kama asiye na hakika ya kukaa. Jaji alimtazama, akawaza: binti wa watu ameitwa nyumbani kwa maneno ya kubuni.

Fundi hakuonyesha hasira. Alisogea ndani, akashusha sauti ili wa nje asisikie. Mjomba akainamia waya za kipaza sauti. Jaji akainamia viatu vyake vya shule. Na mpaka fundi anaingia kaburini, hakuna aliyewahi kumjibu.

"Jamani," aliuliza, "kwani yule baba alisemaje?"