Bendera Iliyofungiwa Kabatini

Hosea ni mlinzi wa ofisi ya kata yetu, nje kidogo ya Muheza. Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Mwenyewe amepandisha bendera saa kumi na mbili asubuhi na kuishusha saa kumi na mbili jioni kwa miaka kumi na tisa. Akipuliza filimbi, barabara nzima inasimama. Bodaboda zinazimwa, na wauza machungwa wanatulia na matenga yao kichwani mpaka filimbi ya pili. Watoto wa hapa wamejifunza nchi yao zaidi katika dakika hiyo kuliko darasani.

Mwaka jana bendera ilichakaa. Kijani ikawa rangi ya maji ya mchicha, buluu ikafifia, ncha ikachanika vipande vitatu. Watu wakaanza kupita tu. Jioni moja Mastura, muuza machungwa, alipita na tenga lake huku filimbi ikilia.

"Mama Samiha, simama," Hosea alimwambia.

"Nisimamie nini, Baba Noa? Tambara la deki?"

"Bendera ya taifa."

"Ya taifa ina kijani. Nionyeshe kijani hapo, nitasimama mpaka Isha."

Wenzake wakacheka. Hosea angeweza kumweka ndani, maana wapo waliowekwa kwa kosa hilo. Hakufanya hivyo. Alipoikunja ile bendera, nyuzi zake zilibaki viganjani mwake.

Asubuhi alimwendea mtendaji wa kata, Innocent, kijana mwenye digrii na viatu vilivyochongoka.

"Shikamoo, mzee Hosea."

"Marahaba. Bendera imeisha, bosi. Watu hawasimami tena."

"Mpya ipo. Iko kabatini tangu mwaka juzi."

"Inafanya nini kabatini?"

"Nikiitoa leo, jua litaila. Mwenge wa Uhuru ukija tutapandisha nini? Wageni waone tambara?"

"Na sisi tunaoiona kila siku?"

"Nyinyi wenyeji, mzee wangu. Mmeshazoea."

Hapo ndipo tulipofika. Nchi tumeifanya kama vile vikombe vya udongo vinavyokaa kwenye kabati la sebuleni, wageni wanywee, watoto wetu wapewe vya plastiki. Halafu kwenye mikutano tunauliza kwa nini vijana hawana uzalendo.

Wiki ya Mwenge ilipofika, mawe ya barabarani yalipakwa chokaa, na bendera mpya ikatolewa kwenye mfuko wake wa nailoni. Jumanne hiyo Hosea aliandika barua ya kuirudisha ile iliyochakaa wilayani ili iharibiwe kwa utaratibu, akaipeleka kwa mtendaji. Siku ya pili bendera hiyo kuukuu ikaondoka na gari la wilaya.

Jioni hiyo filimbi ililia, na Mastura akasimama. Tenga lilikuwa limejaa, shingo imemkaza, lakini hakutikisika. Filimbi ya pili ilipolia alisema tu, "Sasa hiyo ndiyo bendera, Baba Noa," akaendelea na safari yake.

Mwenge ulipita. Kesho yake jioni Innocent alitoka ofisini na mfuko wa nailoni mkononi.

"Mzee, leo ukiishusha hii, itie humu. Kesho tunarudi kwenye ile ya zamani."

"Ya zamani imerudi wilayani, ikaharibiwe."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako. Ulisaini Jumanne."

"Jumanne nilisaini barua za mapokezi."

"Na hiyo. Nilikwambia ni ya bendera, uisome kwanza. Ukasema huna muda, lete kalamu."

Innocent aliutazama mlingoti, akautazama mfuko. "Jua litaila, mzee."

"Liile. Ndiyo kazi yake kuliwa na jua. Ikiisha tutaomba nyingine, na barua nitaandika mimi."

Hosea alitazama saa yake, akaichomoa filimbi mfukoni.

"Bosi, utasimama hapo hapo au utaingia ndani?"

Akapuliza. Barabara ikatulia, na mtendaji wa kata akasimama wima pamoja na wauza machungwa, mfuko mtupu umemning'inia mkononi.