Mkono wa Mchinjaji wa Kwamsisi

Siku yangu ya kwanza kazini, Korogwe, Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, hakunikabidhi hata kipimajoto. Aliniambia, "Nesi, kabla ya yote mshike mgonjwa mkono. Mtetemeko wa mkono uliolala mapajani una ugonjwa wake, na unaokuja mtu anaposhika kikombe una wake." Nyinyi manesi vijana mna mashine. Sisi tulianza na viganja.

Baadaye nilihamishiwa Hale, kisha zahanati ya Kwamsisi. Huko nikamkuta Mzee Mhina, mchinjaji wa kijiji. Mkono wake ulitulia kabisa mpaka ashike kisu, ndipo ulipoanza kucheza. Mnyama hachinjwi kwa kusitasita, kwa hiyo Sheikh wa msikiti wa kijiji akampa mtu mwingine kazi ile. Watu wakanong'ona kwamba damu ya wanyama inamdai. Mimi nilijua ni ugonjwa, nikamwanzishia dawa. Vidonge vilimsaidia kidogo, baadaye vikashindwa.

"Nesi," aliniambia, "harusini siku hizi nakaa pembeni. Mke wangu ananilisha kwa kijiko, mbele za watu."

Mwanawe aliyeko nje ya nchi akampeleka huko kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Waya mwembamba uliingizwa ndani kabisa ya ubongo, ukapitishwa chini ya ngozi hadi kwenye betri iliyowekwa kifuani. Umeme wake mdogo hutuliza zile ishara zinazotikisa mkono. Hauponyi ugonjwa; ukizimwa, mtetemeko hurudi. Alirejea na rimoti yake, na daktari akanielekeza kwa simu namna ya kumsaidia kuitumia.

Sheikh naye akaja zahanati na wasiwasi wake. "Atakayechinja ni Mhina au betri?"

Mzee akashika kikombe, akazima betri kwa rimoti, mkono ukacheza. Akawasha, ukatulia. Sheikh akauliza tena:

"Na Bismillahi ataitamka nani?"

"Mimi, Sheikh."

"Basi chukua kisu chako."

Sasa nimestaafu, naishi Masuguru. Wengi niliowashika mikono hawakuufikia waya ule, wanatetemeka hadi leo, na jambo hilo linaniuma. Waliponiandalia sherehe ya kuniaga kule Kwamsisi, niliomba kitu kimoja tu: mbuzi achinjwe na Mzee Mhina. Nilimkabidhi kisu mimi mwenyewe. Mkono uliotetemeka siku ile ulikuwa wangu.