Mdhamini Aliyeitikia Makambako

Nina daftari la kazi lenye jalada gumu, na haya ninayokusimulia niliyaandika humo siku zile zile yalipotokea, pamoja na saa. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua utakavyofikiri. Hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwuliza usiku ule alikula nini. Lakini sikuota, sikuwa na homa, na wala haukuwa usiku. Ilikuwa Ijumaa mchana, Makambako, na kuna mtu mwingine aliyeona, ambaye mpaka leo yupo na anaweza kuulizwa.

Mimi ni mtu wa maji. Wakati ule nilikuwa mwangalizi wa bomba la mserereko, la maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, kutoka chanzoni hadi kijiji cha Yakobi, Njombe. Shuleni niliishia darasa la saba, mengine nilijisomea. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba na simu na kompyuta vikiingia kwa pamoja, na kila mji ukipata mtu aliyefungua chumba cha intaneti nyuma ya duka. Nikajiandikisha katika chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kwa masafa, stashahada ya ufundi wa maji. Jina la chuo naliacha. Nilisoma miaka mitano kwa kamusi na taa ya chemli, na nilipofika umri wa miaka arobaini na saba nikawa nimebakiwa na mtihani wa mwisho.

Chuo kile kilikuwa na utaratibu mkali. Kila mwanafunzi alitumiwa kifaa kidogo, ukubwa wa kiberiti, chenye kidirisha kinachoonyesha namba sita. Namba zilibadilika kila dakika. Bila kuandika namba za dakika ile akaunti haikufunguka, hata kama neno la siri unalijua. Changu nilikivaa shingoni kwa kamba. Jumatatu ya wiki ile niliinama kwenye chemba ya chanzo kusafisha chujio, kamba ikakatika. Nilifunga valvu, nikatoa maji yote, nikachambua tope kwa vidole mpaka giza likaingia. Kilikuwa kimekwenda na maji.

Sasa sikiliza. Nafasi ya mtihani ilitakiwa kuthibitishwa ndani ya akaunti kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa. Asiyethibitisha hungoja mwaka. Mimi nilikuwa katika wa tano, na mwaka wa sita haukuruhusiwa. Masomo yote yangefutwa, nianze upya kama mtu ambaye hajawahi kushika kitabu.

Njia ya kurudi ndani ilikuwepo. Siku ya kujiandikisha kila mmoja alimtaja mdhamini, mtu mwenye heshima, anayekujua na asiye ndugu yako. Chuo kilimtumia yeye kwa posta bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani yake namba kumi. Kifaa kikipotea, mdhamini hufungua bahasha na kukupa namba hizo, nawe unafungua akaunti na kuomba kifaa kingine. Mdhamini wangu alikuwa Mwalimu Mgaya wa Mdandu, aliyenifundisha hesabu darasa la sita na la saba. Na Mwalimu Mgaya alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Jeneza lake nililibeba mimi na wenzangu. Nilikuwa miongoni mwa waliomtazama mara ya mwisho kabla ya kufunikwa, amevaa koti lake la kaki, pamba puani.

Utaniuliza kwa nini sikuwaarifu chuo. Nilipaswa. Lakini msiba ulikuwa haujamalizwa. Ile siku ya ukoo kukaa, kufungua sanduku la marehemu na kugawa nguo zake, ilikuwa bado, na kwetu kabla ya siku hiyo mambo ya marehemu hayaguswi. Mimi niliyekula ugali wa nyumba ile nikiwa mwanafunzi, niwe wa kwanza kulipiga mstari jina lake? Nikasema nitaandika ukoo ukishakaa. Hilo ndilo kosa la kwanza, na la pili lilizaliwa humo.

Jumatano nilikwenda Mdandu kwa mjane wake, Mama Tulinagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi.

"Bahasha ipo, mwanangu," alisema. "Aliiweka sandukuni mwenyewe. Ila ufunguo uko kwa kaka yake, Liganga."

Kutoka Mdandu kwenda Liganga na kurudi, kwa barabara za Ludewa, nisingefika Ijumaa. Nikamwambia kufuli la sanduku la bati ni kazi ya dakika moja, na nitanunua jingine.

"Kuvunja hata mimi najua. Shoka lile pale. Halafu siku ya kikao wakikuta kufuli jipya, niwaambie nilikuwa natafuta nini kwenye vitu vya marehemu? Bahasha? Wewe ungeamini?"

Wajane wamefukuzwa kwenye nyumba zao kwa jambo dogo kuliko hilo. Nilimsaidia kupukuchua debe lile, nikaondoka.

Ijumaa laini za simu za Njombe mjini, zilizoleta intaneti, zilikuwa zimekatika tangu jana yake, kwa hiyo nilidandia lori la mbao mpaka Makambako. Huko kulikuwa na duka la vipuri vya malori la Bi Zuhura, mwanamke wa Kondoa aliyekuja na marehemu mumewe na kubaki na biashara. Nyuma ya rafu za mikanda ya feni aliweka pazia, na nyuma ya pazia kompyuta mbili.

"Mzee wa mabomba," aliniambia, "leo una uso wa mtu aliyekatiwa maji."

Nilicheka kwa adabu tu. Nikakaa, nikafungua ukurasa wa waliopotelewa na kifaa, nikaandika jina na neno la siri. Likaja swali moja, kwa Kiingereza, ambalo kwa lugha yetu lilikuwa hivi: Je, mdhamini wako yupo na anapatikana? Chini yake Ndiyo na Hapana. Kwa maandishi madogo zaidi walieleza kwamba ukijibu Hapana akaunti inasimamishwa, na uhakiki mpya kwa posta huchukua siku sitini. Ukijibu Ndiyo inabaki wazi kupokea namba mpaka muda wa mwisho.

Sikukusudia kumdhihaki marehemu. Nilikusudia kupata zile saa mbili niandike barua kwa msimamizi wa mitihani, nimwombe huruma huku akaunti ikiwa wazi. Saa nane na dakika kumi na mbili nilibonyeza Ndiyo. Ukurasa ukajibu: Mdhamini wako ametaarifiwa. Tafadhali msubiri.

Ametaarifiwa kwa njia gani? Mwalimu hakuwa na simu. Hakuwahi kugusa kompyuta. Nilijiambia ni maneno ya mashine, nikaanza barua yangu. Nilikuwa kwenye aya ya pili Bi Zuhura alipofunua pazia.

"Kuna mzee mwenzio hapo nje. Nimemkaribisha ndani, hataki. Anasema umemwita."

Nikamwuliza ni nani.

"Jina hakusema. Ana mafua mabaya huyo, mpe pole."

Makambako ni mji wa upepo, anayepafahamu anajua. Nilipotoka upepo ulikuwa umekufa, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na malori yalikuwa yakipita yamewasha taa mchana ule. Kwenye benchi la ukutani alikaa mtu, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, amevaa koti la kaki. Nilimjua kabla ya kuona uso. Mtu aliyekufundisha miaka miwili ukimtazama kutoka dawati la tatu, unamjua hata kwa bega.

"Kamwene," alisema.

Salamu hiyo kwetu mtu hukua nayo tangu utotoni. Mdomo wangu uliitikia kabla sijaamua. Sauti ilikuwa yake, ila imezibwa, kama ya mtu mwenye mafua. Nami nilijua kwa nini imezibwa, maana nilikuwa naiona ile nyeupe puani mwake.

"Umewaambia nipo," alisema.

Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi.

"Andika. Sirudii."

Ndivyo alivyokuwa akianza hesabu za kichwa darasani, kwa maneno hayo hayo. Mkono wangu ulitoa daftari. Alitaja namba mbili mbili, bila haraka, akingoja kidogo kati ya jozi na jozi. Jozi tano. Ukurasa ule ninao, na mwandiko wa humo si wangu wa ukubwani, ni ule wa darasa la sita. Nilidhani akimaliza ataondoka. Hakuondoka. Alikuwa akitazama barabarani tu.

"Wameniandika mdhamini mpaka lini?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Haya. Nitangoja."

Niliinamia daftari kuhesabu kama jozi zimetimia. Ndiyo tabia yangu, hata saa ile haikuniacha. Nilipoinua macho benchi lilikuwa tupu. Bi Zuhura alitoka na kikombe cha chai ya tangawizi, akaniuliza mzee kaenda wapi na kibaridi hiki. Nikapitisha kidole juu ya benchi. Matone ya ukungu yalikuwa yametanda ubao mzima, hata pale alipokaa, wala hayakuwa yameparazwa.

Wewe ungefanyaje? Ungeuchana ukurasa ule? Nitakuambia nilichofanya mimi, kwa kuwa nimeahidi ukweli. Nilirudi nyuma ya pazia, nikaandika zile namba kumi. Akaunti ikafunguka. Saa tisa kasoro dakika nne nilithibitisha nafasi yangu ya mtihani, nikaomba kifaa kingine, nikafunga kila kitu kwa utaratibu. Kisha Bi Zuhura akaninywesha ile chai iliyokuwa ya mwenzangu.

Baada ya mavuno ukoo ulikaa Mdandu. Kaka wa marehemu alifika kutoka Liganga na ufunguo, sanduku likafunguliwa mbele ya wazee. Bahasha ilikuwa chini kabisa, lakiri nzima, haina hata ufa. Nilimwomba kaka huyo aifungue kwa mkono wake na kusoma kwa sauti. Alisoma. Mimi nilifuata kwa kidole kwenye daftari, jozi ya kwanza mpaka ya tano. Hakuna hata tarakimu moja iliyopishana. Nilifunga daftari, nikawaomba wazee wanipishe, nikatoka nje.

Jioni ile nilimweleza Mama Tulinagwe peke yake. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa na koti?"

Nikamwambia alikuwa nalo.

"Maana Makambako kuna baridi," alisema, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka nilipoaga.

Mtihani nilifaulu. Niliajiriwa kama fundi msimamizi kwenye mradi mkubwa, na waajiri huthibitisha cheti changu ndani ya akaunti ile ile. Niliwaandikia chuo kwamba mdhamini wangu amefariki, nikaambatanisha nakala ya cheti cha kifo. Walinijibu kwa upole kwamba mdhamini haondolewi bila ridhaa yake mwenyewe, na kwamba kwa kumbukumbu zao huyu huitikia kila anapoulizwa. Huulizwa mara moja kwa mwaka. Wiki hiyo ikifika, Bi Zuhura hunitumia salamu kwa madereva: mzee wako amekuja tena, amekuulizia. Mwaka wa pili Bi Zuhura alichoka, akaliingiza benchi ndani akidhani atakata tamaa. Mzee alikuja, akasimama.

Imebaki njia moja ya kumwachilia, kuifuta akaunti yote. Nikiifuta, uthibitisho wa stashahada yangu unafutika nayo, na kazi pia. Nimeufungua ukurasa huo mara tatu, nimefika mpaka kwenye kitufe. Kila mara nimesema mwakani.

Basi wewe unayenisikiliza, siku ukipotelewa na kifaa chako, na mashine ikakuuliza kama fulani yupo, na fulani huyo ulimfukia kwa mikono yako, jibu hayupo. Jibu hivyo hata kama neno hilo litakula miaka yako mitano. Masomo huanzwa upya. Mimi nilijibu yupo. Naye ni mzee wa miaka sabini na miwili, magoti yalimsumbua tangu angali hai, na huko Makambako, kwenye ukungu, anasimama.