Msichana wa Mstari wa Nyuma

Duka nililofanyia kazi lilikuwa chini ya jengo moja la zamani karibu na Albert Park, katikati ya Durban. Tulikuwa na kompyuta za kukodisha, mashine ya kuchapa, na ukuta mweupe wa kupigia picha za pasipoti. Kando ya ukuta kulining'inia koti jeusi na tai ambavyo kila mteja alivaa kwa dakika mbili kisha akarudisha. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikongo, na hakuna aliyemwita vinginevyo ila Mama.

Wateja wetu wa Kiswahili walitujua zaidi kwa picha za marehemu. Mtu akifiwa, hapa au nyumbani, alileta picha yoyote aliyokuwa nayo, ya harusi ya watu wengine au ya ufukweni, nami nilimtoa marehemu katikati ya wenzake, nikamwondolea chupa mkononi, nikamvalisha tai, nikamwekea utepe mweusi pembeni. Nilijifunza kazi hiyo mwenyewe. Shule niliiacha Kigoma nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimelala katika miji mingi, lakini sijawahi kuona kitu kilichofungwa nisitake kukifungua.

Ndivyo nilivyowapata wale wasichana wa Kijapani. Siku ya mvua, duka tupu, nilibonya video moja ikanipeleka kwenye nyingine, na kufikia jioni nilikuwa shabiki. Walikuwa kumi na wawili, wakiimba na kucheza kama cherehani. Sikuelewa neno hata moja. Nilimpenda mmoja mrefu, mwenye meno yaliyopishana, ambaye siku zote alichelewa kidogo. Wenzake wakishageuka kulia, yeye ndiyo kwanza anafika. Niliona kama ni mtu wa kwetu.

Mwaka 2012 nilisoma kwenye mtandao, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwamba anaondolewa kundini. Alionekana akitembea na mvulana, na masharti yao yanakataza. Baada ya hapo ikatoka video mpya.

Ilikuwa msiba. Ukumbi, maua meupe, wasichana kumi na mmoja wamevaa nguo nyeusi, na mbele yao picha kubwa ya yule mrefu ikiwa na utepe mweusi. Utepe kama wangu. Lakini wimbo ulikuwa wa furaha, wa kupiga makofi. Kamera ikasogea taratibu juu ya vichwa vyao mpaka mstari wa nyuma, na pale, kwenye kiti cha mwisho, alikaa yeye mwenyewe, amevaa sare yake ya zamani, anakula chungwa. Hakuna aliyemgeukia. Alipomaliza chungwa alijifuta vidole, akaanza kupiga makofi pamoja nao. Mwishoni kamera ilikuwa pale picha ilipowekwa, ikiutazama ukumbi. Viti vyote vilikuwa vitupu. Makofi yaliendelea.

Mashabiki waligombana vibaya. Wengine walisema ni utani, wengine kwamba wakubwa wa kundi wanawatisha waliobaki, na mmoja aliandika kwamba amechoma mabango yake yote. Mimi nilikasirika kama ndugu ambaye hakuulizwa. Nikaizima. Nikaifungua tena. Msiba ulikuwa kazi yangu, haukunitisha. Kilichonisimamisha nywele ni yale makofi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, msichana yule hakuchelewa.

Mama alipita nyuma yangu akasimama.

"Petit, iko nini ile?" Ndivyo alivyoniita, "mdogo" kwa Kifaransa.

"Wanamfanyia msiba msichana, Mama. Lakini yuko hai, ni wimbo tu."

"Mutu angali muzima banamulilia?" Akajichora msalaba. "Funga ile kitu. Ni kumuitia kifo, na kifo haiko kiziwi."

Nilipunguza sauti. Sikufunga.

Wakati huo aliingia kaka niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja ghorofa ya juu. Alikuwa Mrundi, amenizidi umri kwa mbali, akilinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Queensburgh. Mvua ilikuwa imemrudisha mapema. Fulana yake ya njano ya kazini ilichuruzika maji, naye alikuwa akikohoa kile kikohozi chake cha tangu utotoni, viwili vifupi na kimoja kirefu, ambacho kwangu kilikuwa saa ya ukutani. Alisimama nyuma ya kiti changu akatazama mpaka mwisho.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Ule wa nyuma iko nani?"

"Ndiye marehemu."

Akainama karibu na kioo. "Anajua?"

"Anajua nini?"

"Kama amekufa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alivuta kiti, akakaa na maji yake, na akanieleza jambo ambalo hakuwa amenieleza kwa muda wote tuliopikiana chakula. Katika zile vurugu za 2008 za kuwafukuza wageni alipigwa, akapoteza simu, akalala kwenye mahema kwa miezi. Alipompata mtu wa kwao wa kumuulizia habari, habari zilizorudi ni kwamba nyumbani wameshamlilia. Walisikia ameunguzwa. Hawakuwa na mwili, wakazika suti yake.

"Tena suti yenyewe haikuwa yangu," alisema. "Niliazima. Mwenye suti lazima alilia kuliko wote."

"Kwa nini hukupiga simu, kaka?"

"Niseme nini? Mutu akifufuka anarudi na kitu mukononi. Mimi ningerudi na nini, firimbi ya maegesho?" Akakohoa. "Nilisema nipate kwanza. Sasa miaka imeenda, na kila mwaka nazidi kuwa marehemu."

Mama yake mzazi alikuwa bado hai. Mdogo wake ndiye aliyeshika nyumba na shamba.

Wiki kadhaa baadaye alikuja mzee mmoja wa kanisa la Sydenham, mpole, amevaa kofia, ameshika flashi. Familia moja ya Burundi imemwandikia barua pepe, alisema. Ndugu yao alikuwa mwanakwaya hapo zamani, kabla mzee hajafika Durban, na nyumbani hawana picha nzuri. Jumamosi wanamaliza matanga, yaliyosubiri miaka yote hii. Baada ya hapo shamba la marehemu linaandikwa jina la mdogo wake, na mambo yamekwisha.

"Ni ule wa mustari wa nyuma," alinionyesha. "Mwenye kucheka."

Nikakuza picha. Wanakwaya wakatawanyika pembeni, uso ukaja mbele, ukanijaa. Alikuwa kaka. Mwembamba zaidi, nywele nyeusi tii, lakini kaka. Nilimwambia mzee picha itakuwa tayari kesho, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye kwenye chumba kingine.

Siku iliyofuata nilimwita kaka dukani, nikamwonyesha. Alisogeza uso karibu na kioo, akasema, "Shati imekunjamana. Nivalishe tai."

Basi nikamvalisha. Nilichagua tai ya buluu, akataka nyekundu. Nilisafisha kidoa cha mwanga kwenye paji la uso, na yeye, pembeni yangu, akajipangusa paji la uso. Sijui kama alijua alichofanya. Nilipofika kwenye utepe, mkono wangu ulikataa kubonya.

Mama alikuja kuangalia kazi. Aliitazama picha, akamtazama mtu aliyekaa karibu yangu.

"Petit. Huyu iko nani?"

"Marehemu, Mama."

"Na huyu?"

"Ndiye yeye."

Mama alikaa juu ya boksi la karatasi. Tulidhani ataita watu. Alipopata pumzi alimnyooshea kaka kidole.

"Wewe. Unafanya nini mu duka yangu na utepe?"

"Mama, ni familia wanataka..."

"Familia banataka mutoto wabo! Toka ndani ya ile picha ao toka ndani ya duka yangu. Chagua moja."

Kaka aliangalia mlango. Nje robot, taa ya barabarani, iligeuka kijani, teksi zikapiga honi, watu wakavuka. Nikafikiri anakwenda. Akaelekea kwenye ukuta mweupe, akavaa koti jeusi juu ya fulana ya kazi, akasimama.

"Piga," alisema.

Nikampiga picha vile alivyokuwa, mvi zake, makovu yake, na ukingo wa njano ukichungulia shingoni. Sikusafisha chochote. Tuliituma kwa mdogo wake, kwa anwani aliyoacha mzee, na chini nikaandika namba ya duka.

"Niandike nini?"

"Usiandike. Bataona."

Hawakuona. Jibu lilikuja haraka: asanteni sana, picha imetoka vizuri, Mungu awabariki kwa kazi hii. Kaka alisoma mara mbili, akacheka mpaka akashika meza. Sijawahi kupenda kicheko kile.

"Tuwaambie basi," nilisema. "Piga simu sasa hivi."

"Hapana. Mama yangu atakuwa pale mbele. Akinipita na yeye, basi, nimekufa kweli. Nitakubali."

Jumamosi hakwenda Queensburgh. Alikaa tangu asubuhi kwenye kiti cha mwisho, karibu na ukuta, mgongo wake umenyooka, mikono juu ya magoti. Wateja walimpita bila kumwona. Mimi kila mara niligeuka kuhakikisha kiti kina mtu. Ile video sikuifungua siku hiyo. Hata sauti ya mashine ya kuchapa ilianza kunisikikia kama makofi.

Mchana simu ya duka ililia. Mwanamume, anahema.

"Ile picha mulipiga lini?"

Nilimpelekea kaka simu, na kwa kuwa spika yake ilikuwa kubwa, nilisikia yote. Mdogo wake, akidhani bado anaongea na watu wa duka, alieleza kwa Kiswahili, haraka haraka, kama anayemshtaki mtu. Mama yao alisimamishwa mbele ya picha kuaga. Akaishika. Akauliza mwanawe alipata wapi mvi. Wakamwambia ni mwanga. Akasema yeye amezaa, anajua umri, na maiti haizeeki. Hapo ndipo watu walipoanza kuinuka.

Kaka akamwambia ni yeye. Kisha sauti ya mwanamke mzee, Kirundi, neno moja. Kaka alifumba macho.

"Anasema nini?" nilinong'ona.

"Anasema nikohoe."

Akajaribu. Siku zote kikohozi kilimtawala, siku ile hakikuja. Alivuta pumzi, akapiga kifua, hakuna. Mama wa duka alikuwa amesimama mlangoni na mikono kichwani. Upande wa pili simu ilikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa na watu wengi ndani yake. Ndipo machozi yakamkaba, na kikatoka chenyewe. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Ule ukelele uliotoka kwenye simu sitausahau.

Siku chache baadaye mdogo wake alituma picha alizopiga kwa simu siku ile. Moja ilipigwa kutoka kwenye meza walipokuwa wameweka picha ya marehemu. Viti vya plastiki vilijaa uwanja, vyote vitupu, sahani za wali bado zina chakula, kandambili moja katikati ya njia. Nilihisi baridi, kwa sababu niliwahi kuuona ukumbi ule, na nilijua sauti iliyofaa kusikika pale.

"Wote balikimbia," kaka alisema.

Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Pembeni kabisa, mahali ambapo ningepaondoa kama ingekuwa kazi ya mteja, palikuwa na mkono wa mtu mzee, vidole vimepinda, vinafungua fundo la utepe mweusi.

"Huu haukukimbia," alisema. "Huu mukono naujua."