Mkanda wa Wembe wa Baba

Kule Mirongo, mjini Mwanza, kabla jogoo wa jirani hajamaliza ubishi wake na kabla wanawake hawajashuka mtoni na ndoo, mimi niliamshwa na sauti ya wembe ukinolewa. Baba aliutundika mkanda wake wa ngozi kwenye komeo la mlango, akaishika ncha yake kwa mkono wa kushoto mpaka ukakaza, kisha akaupitisha wembe juu yake, kwenda na kurudi. Ngozi ikalia taratibu: shaa, kimya kidogo, shaa, kimya kidogo. Kazi yote ilikuwa katika kile kimya kidogo, maana hapo ndipo wembe ulipogeuzwa. Watu wengi hudhani wembe hunolewa kwa kutanguliza makali, kama mtu anayechonga mhogo, na wote niliowaona wakijaribu hivyo waliishia na mkanda wa vipande viwili na aibu juu. Mgongo wa wembe ndio hutangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho wa mkanda unaugeuza wembe juu ya mgongo wake, makali yakitazama mbinguni, ndipo unarudi. Ukiugeuza juu ya makali, umeukata mkanda na umeuua wembe kwa mara moja. Wala hutumii nguvu. Baba alikuwa akisema kwamba anayekandamiza wembe ana haraka ya kwenda kumwaga damu ya watu.

Watu walimwita Fundi Sefu. Alikuwa Msukuma wa Magu aliyeingia mjini kijana, akasilimu, akajifunza unyozi, akaoa mama yangu, Mkerewe wa maneno machache na mkono mwepesi wa kuchapa. Kiti chake cha kunyolea kilikaa kwenye baraza la duka la Bwana Yusufali, Mhindi aliyeuza vitambaa, chumvi na majembe, na chumba tulicholala sisi kilikuwa uani kwa Bwana Yusufali huyohuyo. Kwa hiyo kwetu kazi na nyumba vilikuwa kitu kimoja, kikianguka kimoja na kingine kinaanguka. Ilikuwa miaka ya vita vya pili. Nyembe nzuri zilikuwa zile za Kijerumani, na Mjerumani alikuwa akipigwa vita, basi hakuna aliyeleta nyingine. Baba alibaki na mmoja. Aliutunza kuliko alivyotutunza sisi, na sitanii. Mkanda wenyewe ulitokana na ngozi ya ng'ombe wa kaka yake kule Magu. Kila Ijumaa aliupaka samli kidogo sana, kisha akausugua kwa kiganja mpaka ngozi ikapata joto na kung'aa. Mimi, Kabula, mtoto wa kwanza na msichana, nilipewa heshima ya kushika kibakuli cha samli, na nilijiona mtu mkubwa.

Masika ya mwaka ninaousimulia yalikuwa mabaya. Ziwa lilinuka mpaka sokoni, dagaa hawakukauka, wakaoza juu ya mawe, na matope ya Mirongo yaliingia ndani na miguu yetu. Asubuhi moja niliamka kabla ya wakati wangu, nikajiuliza kulikoni. Sauti ilikuwa imeharibika. Kile kimya kidogo kilikuwa kirefu mno, halafu kifupi mno, halafu nikasikia ngozi ikikwaruzwa. Niliwaza kwamba baba ana usingizi, nikajifunika kaniki ya mama, nikalala tena. Siku chache baadaye mama aliuchukua mkanda kutoka mlangoni ili afagie, akauona. Ulikuwa na mikato midogomidogo kuanzia katikati hadi ncha. Sote tulikuwa pale, baba akinywa uji.

"Nani kauchezea mkanda?" mama akauliza.

Baba hakuinua macho kwenye bakuli lake. "Huenda ni Kabula," alisema. "Juzi nilimwona pale mlangoni."

Mama akanichapa kwa mkanda huohuo. Mtoto akichapwa kwa kosa lake hulia akanyamaza, lakini akichapwa kwa kosa asilolifanya hukaa akifikiri. Mimi nilikaa nikifikiri. Sikuwahi kuugusa wembe ule hata siku moja, na baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Nikaanza kumwangalia. Haikunichukua muda kuona alichokuwa akikificha. Mkono wake wa kulia ukiwa umetulia pajani ulikuwa mkono kama wa watu wengine. Mara tu alipoupeleka kwenye kitu, kikombe, kifungo, wembe, ulianza kutetemeka, na kadiri alivyokaribia ndivyo ulivyozidi. Bakuli la uji alilishika kwa mikono miwili na kuliinamia, tukidhani anafurahia harufu. Barazani alikuwa ameanza kuwapaka wateja shabu kidevuni kuzuia damu, huku akiwachekesha ili wasiulize. Walicheka. Wiki iliyofuata wakaenda kunyolewa kwingine. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi kilio chetu kilikuwa njiani, mimi peke yangu nikikisikia kinavyokuja.

Mama alipoacha kujidanganya, hakupiga kelele. Alichemsha mizizi aliyoletewa na watu wa kwao Ukerewe, chungu hata harufu yake. Akampeleka hospitali ya serikali, wakampa vidonge vyeupe vya homa, maana kila mtu alipewa hivyo. Baba akajifunga kifundo cha mkono kwa kitambaa cha kaniki, akajaribu kunoa hivyohivyo, na mkanda ukapata mikato mingine. Kuna adhuhuri moja nilimkuta ameketi kitandani akiupiga mkono ule kwa mkono mwingine, kimyakimya, kama mtu anayemwadhibu mtoto mkaidi. Aliponiona akaacha. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu nilielewa kwamba yeye mwenyewe hakuwa na la kufanya.

Hapo ndipo Bwana Yusufali alipopata mjukuu wa kiume. Mkwewe alikuwa ameharibikiwa na mimba mara kadhaa, na mtoto huyu aliombewa na mtaa mzima, Waislamu na wasio Waislamu. Bwana Yusufali alikuja mwenyewe mpaka mlangoni petu, viatu vikiwa na matope, akasema kwamba siku ya akika, mtoto atakapotimiza siku saba, kichwa chake kitanyolewa na Fundi Sefu na si mwingine. Baba akashukuru, akainama. Mgeni alipoondoka mama akamgeukia.

"Kataa, Baba Kabula. Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa atauliza naumwa nini."

"Utamkata mtoto wa watu utosini."

"Na nikikataa tutalala wapi?"

Kila mmoja alikuwa amesema kweli. Mama alikaa akitazama mlango. Siku zile zote mpaka akika hakutuchapa hata mara moja, na hilo lilitutisha zaidi.

Asubuhi ya akika nilibeba beseni na birika la maji ya moto, baba akabeba mkoba wake. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa uani, na harufu ya pilau ilinifanya nijione msaliti, kwa kuwa niliitamani. Chumba kilijaa wanaume, na shehe wa msikiti wetu alikaa kwenye mkeka wa mbele. Mama yake Bwana Yusufali, bibi kizee mwenye miwani, alimpakata mtoto. Baba akautundika mkanda kwenye nondo ya dirisha, akaanza kunoa. Mimi nilijiuma midomo. Sauti ilikwenda vibaya, ikakwaruza, ikasimama. Bwana Yusufali akasogea, akaushika mkanda na kuutazama.

"Fundi, hii mkanda yako nani nakata-kata hivi?"

Baba alinitazama. Nilisubiri. "Ni mtoto huyu, Bwana," akasema. "Watoto ni watoto." Watu wakacheka, bibi kizee akanitishia kidole, na mimi nikamchukia baba yangu pale mbele za watu wote, chuki kamili, sikuibakiza hata kidogo.

Akamlowesha mtoto kichwa kwa maji ya vuguvugu, akaanza nyuma ya sikio. Mara ya kwanza wembe ulipita vizuri. Ya pili vizuri. Nywele nyeusi laini zikaangukia kitambaani, nikaanza kupumua. Upande mmoja ukaisha. Kisha wembe ukapanda kuelekea utosini, pale ambapo mfupa haujakutana, na ngozi inapanda na kushuka kwa mapigo ya moyo, na mkono ukaanza. Baba akauinua. Akaurudisha. Ukatetemeka tena, zaidi. Kuacha hakukuwezekana, kwa kuwa dini inakataza kumwacha mtoto na kichwa kilichonyolewa nusu, na shehe alikuwa palepale akitazama. Tena kuna kinyozi gani angefika kwa wakati? Ukiyavulia nguo maji huna budi kuyaoga. Jasho la baba lilidondoka kwenye beseni. Bibi kizee akamvuta mtoto kifuani kidogo. Ndipo baba akaniita kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, akasema nimshike mkono.

Nikaweka birika chini. Nikakishika kifundo chake kwa mikono yangu yote miwili, nikakibana. Kilikuwa kinarukaruka kama sato aliyetolewa majini sasa hivi. Sijui nilimshika kwa hasira au kwa mapenzi. Nilikuwa na vyote viwili, na pengine kilichosaidia ni uzito tu wa mikono ya mtoto. Mtetemo ukapungua. Tukaenda pamoja, yeye akisukuma, mimi nikizuia, tukapita utosini, tukashuka upande wa pili. Tulipomaliza baba akakipangusa kile kichwa kwa kitambaa, kikabaki safi, hakina hata mchubuko, na mtoto akapiga chafya.

Bwana Yusufali hakuwa mtu mbaya. Aliona kila kitu, na akamtafutia baba mlango wa kutokea. "Fundi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "nadhani hii desturi ya kwenu, eh? Binti nashika mkono ya baba, kwa baraka?" Watu wakaanza kutikisa vichwa, naam, desturi, kila kabila na mambo yake. Baba alitakiwa kusema ndiyo tu. Neno moja, na baraza lingebaki letu, na chumba, na kesho.

Baba alikuwa akiukunja wembe. "Hapana, Bwana," akasema. "Hatuna desturi hiyo. Mkono wangu umeharibika. Na mkanda nimeukata mimi. Binti yangu nimemsingizia, kwa mama yake na hapa kwenu, hakuwahi kuugusa." Kisha akaniambia nimwage maji.

Tulipewa paja la mbuzi, na Bwana Yusufali alitusindikiza mpaka mlangoni machozi yakimlenga. Mwezi haukuisha, kinyozi mwingine akakaa barazani, na kwa kuwa naye alikuwa na watoto, akahitaji chumba. Simlaumu mtu. Tulirudi Magu kwa baba mkubwa, kwenye pamba, na mkono usioweza wembe haukuweza pamba pia. Baba aliangusha nusu ya alichochuma, na binamu zangu walimcheka mtu wa mjini mpaka wakachoka. Mama alilima mashamba ya watu. Mwaka ule wa kwanza tulilala njaa, nasema njaa ile ya kunywa maji ili tumbo lidanganyike. Mama hakuniomba radhi kwa kile kipigo, ila kila samaki alipopatikana minofu minene ilitua kwenye sahani yangu, na wadogo zangu waliponung'unika aliwakaripia. Baba akafuga ndevu. Kinyozi hajinyoi, na yeye hakutaka mwingine amguse, mpaka nilipomwambia akae chini, mimi nitamnyoa. Alifumba macho, akaniachia koo lake. Alikufa kwa homa kabla sijaolewa.

Sasa mimi ni bibi, naishi Mwanza tena, na vijana wa mtaani kwangu hunyolewa kwa mashine ya umeme huku muziki ukiwapasua masikio. Mwaka juzi mkono wangu wa kulia ulianza. Kwanza kikombe, halafu kifungo, halafu sindano ya kushonea ikakataa kabisa kuona uzi. Wajukuu wakanipeleka hospitali kwa nguvu, maana nami nilikuwa nimeanza kuinamia bakuli. Daktari alikuwa binti mdogo, akaniamkia shikamoo kabla ya kunishika. Akanipa kalamu nichore mduara, akautazama mduara wangu uliojaa meno, akaniambia ugonjwa huu una jina, hutembea katika ukoo, na hauui mtu. Akaniandikia kidonge kidogo cha rangi ya waridi. Baada ya wiki chache nilikunywa chai kwa mkono mmoja, nikakaa nikiutazama mkono huo.

Nilirudi kwake nikiwa na swali moja tu, na nilikuwa sijalala vizuri kwa ajili yake. Nikamwuliza kama dawa ile ilikuwepo wakati wa vita, pengine kwa wazungu, pengine Nairobi, mahali popote ambapo mtu mwenye akili angemfikisha baba yake. Akafikiri, akasema hapana, bibi, wakati ule haikuwepo popote duniani, hata mfalme asingeipata. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba haikuwepo.