Jumapili ya Chumvi Nyingi

Wiki iliyopita, nikiwa kazini hospitalini Maplewood, nilipigiwa simu na binti wa mama mmoja Mmarekani Mweusi aliyekuwa na mkahawa kaskazini mwa Minneapolis. "Mama ametutoka alfajiri," alisema. Nikampa pole, nikarudi kwa wagonjwa wangu. Siwezi kudai kwamba marehemu alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa mteja wake tu, kila Jumapili baada ya ibada, kwa karibu miaka minane.

Alikuja huku kutoka Mississippi akiwa msichana, akaanza kwa kupika kwenye misiba ya kanisa lao, hatimaye akafungua mkahawa wa vyakula vya kwao: kuku wa kukaanga, kunde, mkate wa mahindi, na mboga ya sukuma wiki iliyochemshwa kwa saa kadhaa pamoja na nyama ya moshi. Nilipomwambia kwamba kwetu Kenya sukuma hukaa motoni dakika tano, alinitazama kwa huruma. "Maskini," akasema. "Mnaila ingali hai." Binti yake alifanya kazi katika jiko hilo tangu alipokuwa shuleni. Alikata, aliosha, alikaanga, lakini kutia chumvi na viungo ilikuwa kazi ya mama peke yake.

Kisha, majira fulani ya baridi, mama akaugua mafua makali. Alipopona alirudi jikoni kama kawaida. Jumapili moja sukuma ililetwa ikiwa na chumvi isiyolika. Sote tulinyamaza, tukanywa maji. Binti alipita karibu na meza yangu, akaona sahani imejaa, akaonja kwa uma, akaenda jikoni. Mlango ulikuwa wazi.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Nilichoweka siku zote."

"Onja."

Mama akatoka, akasimama katikati yetu, akavua aproni. "Nisameheni," alisema. "Tangu nilipougua sisikii ladha yoyote. Nimekuwa nikipika kwa mazoea, na nikamficha hata mwanangu. Kuanzia leo mpishi ni yeye." Akaketi kwenye meza yangu. Sufuria ya pili ilipoiva akaniuliza, "Ikoje?" Nikamjibu kwamba si kama yake. "Lakini unakula," akasema.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mkahawa ule haujafungwa hata siku moja tangu hapo. Nawafikiria Wakenya wenzetu wa kitongoji cha Brooklyn Park walioanzisha makanisa, vyama na maduka kwa jasho lao, na ambao hadi leo hakuna anayethubutu kuwaambia waonje. Mwanzilishi husifiwa kwa alichojenga. Warithi wake, nadhani, humshukuru zaidi akisema ukweli mapema, wateja wakiwa bado mezani.