Uso Uliokuja Mstari kwa Mstari

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi pale Mpanda, mwishoni mwa miaka ya tisini, upepo umetulia na vumbi la barabara ya stesheni limening'inia hewani kama halina haraka ya kushuka. Mwanangu, wewe leo unagusa kioo na picha inatokea kabla hujapepesa macho. Nivumilie bibi yako, maana usingizi wa mchana siku hizi hunirudisha hukohuko.

Nilikuwa binti wa Magamba, hapo jirani na Mpanda, nimerudi kutoka Dar na ujuzi wa kompyuta na maringo kidogo. Nikapata kazi kwenye ofisi iliyowatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotezana nao. Kurasa zenye picha za watu waliokuwa kambini Kigoma zililetwa kwa treni, ndani ya diski. Shida ilikuwa kompyuta yetu. Kivinjari tulichopewa, yaani programu ya kufungulia zile kurasa, kilizoea kuiachia kadi ya picha, kifaa cha ndani cha kuchorea, kazi yote ya kuchora. Yetu haikuwa na kadi, na mfumo wake ulikuwa mdogo, haujui hata kadi ni nini. Basi nikakaa majuma mengi naandika upya sehemu ya kuchora, ili prosesa yenyewe, ule ubongo wa kompyuta, ipige hesabu ya rangi ya kila nukta ya picha. Nikawa naota nukta. Hata kanisani nilikuwa naziona kwenye vitenge vya watu, sala inanipita.

Hatimaye ikachora, ila polepole mno. Na mimi sikupenda mtu aone kazi nusunusu, picha ikitambaa kwenye kioo. Nikaiamuru ichore kwanza kwa siri ndani ya kumbukumbu, kioo kikiwa cheusi, kisha itoe picha nzima kwa mpigo. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mchana huo akaja Mama Spesiosa kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Alipotezana na mdogo wake Adela walipokuwa wanakimbia Burundi, mwaka wa sabini na mbili. Aliwahi kusafiri hadi Kigoma kwa kufuata jina tu, akamkuta mwanamke mwingine kabisa anayeitwa hivyohivyo. Aliniambia hataki tena kulia mbele ya mgeni. Safari hii angeuona uso kwanza, na akiutambua angepanda treni ya jioni.

Nikafungua ukurasa wa Adela mmoja wa kambini, nikamwambia mashine inachora uso, kioo kikawa cheusi. Tukangoja. Nje jenereta likakohoa, likazima, na picha haijatoka. Mlinzi akamimina dizeli ya mwisho iliyobaki pale ofisini, likawaka. Nikaanza upya, kioo cheusi vilevile. Mama Spesiosa ameketi, mikono mapajani, anautazama ule weusi.

"Binti, hapa inachora?"

"Inachora, mama."

"Sasa mbona unanificha? Huyu mtu nimemngoja tangu nikiwa msichana. Hata nywele zake tu, nionyeshe."

Aibu ilinishika, mwanangu, mpaka masikio yakawaka moto. Nikafuta ile amri ya kuficha, nikafungua ukurasa tena.

Kikaja kitambaa cha kichwa, cha bluu, mstari mmoja mmoja, kikishuka taratibu kama maji yanayojaa kwenye ndoo. Likaja paji la uso, zikaja nyusi. Nikasahau jenereta, nikasahau hata kwamba kazi ile ni yangu. Yakafunguka macho, mama yule akasogeza kiti karibu. Ikaja pua, imepinda kidogo.

"Hapo alianguka tukienda kuchota maji," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono."

Midomo ikaanza kuonekana, jenereta likazima, na safari hii halikuwaka tena. Nikaanza kumwomba radhi kwamba picha haikumalizika. Yeye alikwishasimama, anafunga kitenge vizuri kiunoni, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Kidevu nitakiona hukohuko," akasema, akashika njia ya stesheni.

Basi, mwanangu, anayekusubiri usimwache gizani eti mpaka kazi yako ipendeze. Mwonyeshe ulipofikia, hata kama bado ni pabaya. Mara nyingi yeye anahitaji kidogo kuliko unavyodhani, na anakihitaji mapema kuliko unavyopanga.

Mungu aibariki mikono yako isichoke. Na siku ukiwa wewe ndiye unayengoja, akukutanishe na mtu atakayekuonyesha hata nywele tu.